Theluji hupimwaje, na rekodi zake zaweza kuaminiwa?

MAPEMA Septemba 2008, wakazi wa Busara, karibu na mji wa Nyahururu, waliona jambo ambalo wengi wao hawakuwa wamewahi kuliona maishani. Mteremko wa kilima ulikuwa umefunikwa kwa weupe mtupu. Watu walimiminika kwenda kujionea na kuushika weupe huo kwa mikono yao, na habari zikaenea hadi ng'ambo kwamba theluji imeanguka nchini Kenya.

Wataalamu wa hali ya hewa walitoa maelezo tofauti. Ilikuwa ni mvua ya mawe, ambayo punje zake ziligandamana zikawa tandiko moja la barafu. Theluji haikuwapo.

Kisa hicho kina funzo kwa yeyote anayesoma takwimu za hali ya hewa. Kabla ya kupima kitu, sharti kwanza kukubaliana ni kitu gani kinachopimwa. Katika mataifa ambako theluji huanguka kila mwaka, ubishi wa aina hii haujaisha hadi leo, ila una sura nyingine: ilianguka kiasi gani, nani aliyepima, kwa chombo gani, na mara ngapi kwa siku?

Huo si ubishi wa bure. Takwimu za theluji hutumiwa kukadiria maji yatakayotiririka mitoni majira ya joto yafikapo, kuamua uimara wa mapaa ya nyumba, na kuchunguza jinsi hali ya anga ya dunia inavyobadilika. Takwimu ikiwa na kasoro, uamuzi unaotegemea takwimu hiyo nao huwa na kasoro.

Mambo matatu yasiyofanana

Theluji hutokea pale mvuke wa maji unapoganda ndani ya wingu na kuwa fuwele ndogo, ambazo hushikana na kuanguka polepole zikiwa nyepesi kama pamba. Mvua ya mawe hutokea kwa njia nyingine. Matone hurushwa juu na upepo mkali ndani ya mawingu ya radi, yakaganda tabaka juu ya tabaka hadi yanapokuwa mazito na kuanguka.

Hata hivyo, kwa vipindi fulani vya karne ya 20, mvua ya mawe ilijumlishwa pamoja na theluji katika daftari za vituo vya Marekani. Ndiyo sababu mtafiti anaweza kukuta alama ya "theluji" katika mwezi wa joto kali, mahali ambapo theluji halisi haikuanguka.

Aidha, mtu anaposikia kwamba mahali fulani pana rekodi ya theluji, inafaa aulize ni rekodi ya nini. Kuna vipimo vitatu ambavyo huchanganywa mara kwa mara.

Cha kwanza ni kina cha theluji mpya, yaani ile iliyoanguka katika muda maalumu kama vile saa 24. Cha pili ni kina cha theluji iliyolala ardhini, ikijumlisha mpya na ya zamani. Cha tatu ni kiasi cha maji ambacho theluji hiyo ingetoa kama ingeyeyushwa yote.

Mathalani, mnamo Februari 14, 1927, kituo cha Mlima Ibuki nchini Japani kilipima sentimita 1,182 za theluji iliyolala ardhini. Hiyo haina maana kwamba karibu mita 12 zilianguka siku hiyo. Ni limbikizo la majuma mengi, na limbikizo hilo haliwezi kulinganishwa na rekodi ya siku moja.

Ubao na rula

Kwa kifaa kinachozaa takwimu nzito namna hii, chombo cha kupimia theluji mpya ni cha kawaida mno. Ni ubao uliopakwa rangi nyeupe, wenye upana wa kati ya sentimita 40 na 60 kila upande, unaowekwa mahali tambarare, mbali na kuta na miti. Theluji inapoanguka juu yake, mpimaji huja na rula, akasoma kina, akaandika. Kisha huufagia ubao na kuulaza tena juu ya theluji, tayari kwa kipimo kinachofuata.

Ugumu unatokana na tabia ya theluji yenyewe. Theluji mpya imejaa hewa. Kadiri inavyorundikana, ile ya juu huielemea ile ya chini, nayo hushindiliwa na kupungua kina ijapokuwa hakuna chembe iliyoyeyuka.

Msomaji ambaye amewahi kununua unga sokoni kwa gorogoro analijua jambo hili. Muuzaji akimimina polepole, mkebe hujaa upesi. Akiutikisa na kuugonga chini, unga hushuka na nafasi hupatikana. Unga ni uleule, lakini macho huona vipimo viwili.

Kwa sababu hiyo, anayefagia ubao wake kila saa hupata jumla kubwa kuliko anayesubiri hadi mwisho wa siku, ingawa wote wawili wamesimama katika dhoruba moja. Wa kwanza hupima theluji kabla haijashuka, kisha hujumlisha vipimo ambavyo havikupata nafasi ya kushindiliwa.

Ili wapimaji wote wasimame mahali pamoja, idara ya hali ya hewa ya Marekani iliweka kanuni kwamba ubao usifagiliwe zaidi ya mara nne kwa saa 24, yaani kila baada ya saa sita. Kanuni hii inaonekana ndogo. Lakini ndiyo iliyoangusha rekodi kubwa.

Rekodi iliyokataliwa

Mnamo Januari 11 na 12, 1997, theluji nzito iliangukia eneo la Montague, jimbo la New York. Montague iko katika nyanda za juu za Tug Hill, mashariki mwa Ziwa Ontario. Hewa ya baridi inapovuka ziwa hilo huzoa joto na unyevu, kisha inapopanda nyanda hizo huumwaga mzigo wake wote kama theluji.

Mpimaji wa kujitolea wa eneo hilo aliripoti inchi 77 kwa saa 24, sawa na takriban sentimita 196. Iwapo zingekubaliwa, zingeipiku rekodi ya Marekani iliyokuwa imesimama tangu 1921. Kamati ya kitaifa inayochunguza rekodi za hali ya hewa ilianza kazi.

Kamati haikusema kwamba mpimaji alidanganya. Iligundua kuwa jumla yake ilitokana na vipimo sita, ilhali kanuni inaruhusu vinne tu. Rekodi ikakataliwa.

Kwa hivyo, rekodi iliendelea kubaki mikononi mwa Silver Lake, jimbo la Colorado, ambako inchi 75.8, yaani takriban sentimita 193, zinasemekana kuanguka kwa saa 24 mnamo Aprili 14 na 15, 1921.

Lakini rekodi hiyo ya zamani nayo ina yake. Kilichopimwa Silver Lake kilikuwa inchi 87 zilizoanguka kwa muda wa saa 27 na nusu. Kiasi cha saa 24 hakikusomwa kwenye rula. Kilipatikana kwa hesabu, kwa kuigawanya jumla hiyo kana kwamba theluji ilianguka kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Hapo ndipo penye swali zito. Kipimo cha 1997 kilichujwa kwa kanuni kali, na kikaanguka. Kile cha 1921 kilichukuliwa kabla ya kanuni hizo kuwapo, nacho kikaachwa kisimame. Wawili hawa hawakupimwa kwa mizani moja, na asiyejua historia hii hudhani kwamba tofauti baina yao ni ya theluji peke yake.

Si kila rekodi mpya hukataliwa. Katika msimu wa 1998 hadi 1999, eneo la kuteleza kwa ski la Mount Baker, jimbo la Washington, liliripoti inchi 1,140, ambazo ni karibu mita 29. Kamati ilichunguza namna zilivyopimwa, ikaridhika, na rekodi ya msimu ikaondoka Mlima Rainier, ulioishikilia kwa inchi 1,122 za msimu wa 1971 hadi 1972.

Kwa upande mwingine, mnamo Machi 5, 2015, habari zilienea kutoka Capracotta, nchini Italia, kwamba sentimita 256 zilianguka kwa saa 18. Kiwango hicho kingezipita rekodi zote zilizotangulia. Hata hivyo, hakikuthibitishwa rasmi kama rekodi ya dunia.

Dhoruba moja, mizozo mitatu

Huenda mtu akadhani kwamba matatizo haya ni ya zamani. Dhoruba iliyopiga mashariki mwa Marekani mnamo Januari 22 na 23, 2016 ilionyesha vinginevyo.

Katika uwanja wa ndege wa Reagan, unaotumiwa kama kituo rasmi cha jiji la Washington, ubao wa kupimia ulifukiwa na theluji, wapimaji wakashindwa kuupata. Walilazimika kupima kina katika sehemu kadhaa na kutafuta wastani. Walipata inchi 17.8, takriban sentimita 45. Uwanja wa Dulles, ulio kiasi cha kilomita 40 kutoka hapo, uliripoti inchi 29.3, zaidi ya sentimita 74. Wakazi wengi wa Washington walilalamika kwamba jiji lao limepunjwa.

Katika uwanja wa Newark, jimbo la New Jersey, ziliripotiwa inchi 28.1. Uchunguzi ulipofanywa, kipimo hicho kilitupiliwa mbali kwa kuwa theluji ilikuwa imepimwa kila saa. Kile cha Reagan kiliachwa kibaki.

Kisa cha tatu kilitokea katika bustani ya Central Park, jijini New York, ambako kumbukumbu za theluji zimewekwa tangu 1869. Kwanza zilitangazwa inchi 26.8. Rekodi ya dhoruba moja wakati huo ilikuwa inchi 26.9, iliyowekwa Februari 2006. Jiji likaambiwa kuwa limeikosa rekodi kwa sehemu moja ya kumi ya inchi, kiasi cha milimita mbili na nusu.

Miezi michache baadaye, wachunguzi waligundua kwamba kulikuwa na kosa la mawasiliano baina ya waliopima na waliopokea taarifa. Kipimo sahihi kilikuwa inchi 27.5. Rekodi ya jiji ikabadilika bila chembe moja ya theluji kuongezeka.

Kituo kikihama, rekodi hubakia?

Jiji la Washington lina utata mwingine. Rekodi yake ya dhoruba kubwa kuliko zote, inchi 28 za Januari 1922, ilipimwa katikati ya jiji. Katika miaka ya 1940 kituo rasmi kilihamishiwa uwanja wa ndege, bondeni kando ya Mto Potomac, ambako mara nyingi joto huwa juu kidogo kuliko katika vitongoji vilivyo juu zaidi. Kwa theluji, nyuzi moja au mbili za joto zaweza kuigeuza kuwa mvua ya kawaida.

Kwa hivyo mtu anayelinganisha dhoruba ya 1922 na ile ya 2016 analinganisha mahali pawili, ijapokuwa kitabu kimeandika jina moja.

Fauka ya hayo, wapimaji wengi wa zamani hawakutumia ubao wala rula. Waliyeyusha theluji iliyokusanyika katika chombo cha mvua, wakapima maji, kisha wakazidisha kwa kumi. Ilichukuliwa kwamba sentimita moja ya maji ni sawa na sentimita kumi za theluji.

Kanuni hiyo ya kumi kwa moja ni wastani tu. Theluji ya majimaji yaweza kuwa tano kwa moja, na ile kavu ya baridi kali ikafika 20 au 30 kwa moja. Mahali penye theluji nyepesi, mpimaji aliyezidisha kwa kumi aliandika kiasi kidogo mno kuliko kilichoanguka.

Athari yake huonekana pale mtumizi wa kanuni hiyo anapostaafu na nafasi yake kuchukuliwa na anayetumia rula. Daftari litaonyesha theluji ikiongezeka ghafla. Watafiti wa Marekani walioyapitia madaftari hayo katika miaka ya 2000 walilazimika kuviweka kando vituo vingi, wakabakiza vile tu ambavyo namna yake ya kupima haikubadilika sana.

Baada ya mchujo huo ndipo walipoweza kusema kwa uhakika kwamba, tangu miaka ya 1920, theluji imepungua magharibi mwa Marekani, na kuongezeka katika baadhi ya sehemu zilizo karibu na Maziwa Makuu ya nchi hiyo.

Upepo, adui wa chombo

Kupima maji ya theluji kwa chombo cha mvua kuna kikwazo kingine, nacho ni upepo. Chembe za theluji ni nyepesi. Upepo unapokutana na chombo huinuka na kupita juu ya mdomo wake, ukizibeba chembe hizo. Upepo ukiwa mkali, chombo kisicho na kinga chaweza kunasa chini ya nusu ya theluji inayoanguka.

Wataalamu wametafuta dawa ya tatizo hili kwa muda mrefu. Francis Nipher alibuni kinga yenye umbo la tarumbeta katika miaka ya 1870, naye J. Cecil Alter akabuni ile ya vibati vinavyoning'inia mnamo 1937. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) liliendesha majaribio katika nchi mbalimbali kati ya 1986 na 1993, likilinganisha vyombo vya kila aina na kimoja kilichozungushiwa nyua mbili za mbao. Majaribio hayo yalionyesha kwamba kila taifa lilikuwa likipima pungufu, na kila moja kwa kiasi chake.

Mitambo ya kisasa haijaliondoa tatizo. Katika miaka ya 1990, viwanja vingi vya ndege vya Marekani vilianza kutumia vituo vinavyojiendesha vyenyewe. Vituo hivyo vilipima joto, upepo na mvua kwa ustadi, lakini havikuwa na uwezo wa kupima kina cha theluji. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya viwanja vina mapengo katika kumbukumbu za miaka hiyo.

Leo kuna mitambo inayotuma mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, au miale ya leza, na kuhesabu muda yanaochukua kugonga theluji na kurudi. Mitambo hiyo haichoki wala haisinzii usiku. Lakini haiwezi kutofautisha theluji iliyotoka mawinguni na ile iliyosogezwa hapo na upepo kutoka kwa jirani.

Mizani ya maji

Anayeuliza kwa nini watu wazima wabishane juu ya milimita mbili na nusu, na atazame milima ya Sierra Nevada, magharibi mwa Marekani. Huko theluji ni ghala. Huanguka majira ya baridi, ikalala milimani, kisha ikayeyuka polepole na kujaza mito na mabwawa wakati ambapo mvua hainyeshi.

Mtu aliyeonyesha njia ya kulipima ghala hilo hakuwa mtaalamu wa hali ya hewa. James Church alikuwa mwalimu wa Kilatini na Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Nevada. Mwanzoni mwa karne ya 20 alibuni bomba la kuchoma ndani ya theluji hadi chini na kulitoa likiwa na mche mzima wa theluji. Alilipima uzito, na uzito ukamwambia moja kwa moja kuna maji kiasi gani. Kwa njia hiyo aliweza kubashiri kimo cha maji ya Ziwa Tahoe kabla theluji haijayeyuka.

Church alitambua kwamba mkulima hahitaji kujua theluji ina kina gani. Anahitaji kujua ina maji kiasi gani. Njia yake ingali inatumika.

Mnamo Aprili 1, 2015, Gavana wa California, Jerry Brown, aliandamana na wapimaji hadi kituo kimoja cha Sierra Nevada. Mahali ambapo kwa kawaida huwa na theluji nyingi wakati huo wa mwaka, alisimama juu ya nyasi kavu. Vipimo vya jimbo zima vilionyesha kwamba maji yaliyokuwa katika theluji yalikuwa asilimia tano tu ya wastani. Siku hiyo aliamuru matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25.

Amri kama hiyo haiwezi kutolewa kwa kukisia. Neno "wastani" lina maana tu iwapo waliopima miaka ya nyuma walipima mahali palepale na kwa njia ileile.

Funzo la Kilimanjaro

Afrika Mashariki nayo ina kisa chake kuhusu ushahidi wa theluji. Mnamo Mei 11, 1848, mmishonari Johannes Rebmann, aliyekuwa na makao yake Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe kwenye kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wake wa safari hakuuita ila kwa neno moja: baridi. Rebmann alitambua kwamba ni theluji, akaandika hivyo.

Jijini London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amefika huku, alipinga vikali kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na Ikweta. Ubishi uliendelea kwa miaka. Mnamo 1862, Karl Klaus von der Decken alipanda mlima huo hadi zaidi ya mita 4,000, akakutana na theluji ikianguka.

Rebmann hakuwa na rula wala ubao, lakini alieleza waziwazi alisimama wapi na aliona nini, hata wengine wakaweza kwenda kuhakikisha. Februari 2000, watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Massachusetts walisimika kituo kinachojiendesha juu ya barafu ya kaskazini ya mlima huohuo, zaidi ya mita 5,700 juu ya usawa wa bahari, ili kufuatilia theluji inavyoongezeka na kupungua.

Kwa hivyo, msomaji akikutana na habari kwamba theluji imevunja rekodi, au kwamba imetoweka kuliko wakati wowote, asikubali haraka wala asikatae haraka. Na aulize mambo manne: kilichopimwa ni kina kipya, limbikizo au maji? Kilipimwa mara ngapi? Kituo kimewahi kuhama? Na njia ya kupima ilibadilika lini?

Takwimu inayoweza kujibu maswali hayo inafaa kutegemewa, hata kama ni ndogo. Isiyoweza kuyajibu ni tetesi tu, hata ikiwa imeandikwa kwa desimali.